Jini Alambaye Jasho

Fungeni mlango kwanza, ndipo mnisikilize. Ijumaa moja, saa kumi na moja jioni, Zuwena alimkuta ami yake kando ya kisima, amekufa. Mtu alikuwa amemrushia jiwe kutoka mbali. Zuwena akafanya afanyavyo kila mwenye utu: akamfumba macho.

Sultani alikuwa na jini ndani ya chupa. Kila mtu alipouawa, jini huyo alilamba jasho lililobaki kwenye maiti, akamtaja aliyeigusa, na huyo ndiye aliyehukumiwa. Akaletwa kisimani, akalamba mara tatu, na mara tatu akasema, "Zuwena."

"Nilimfumba macho tu, Maulana!"

"Jini hasemi uongo. Kesho utanyongwa."

Asubuhi mnyongaji akamjia na kamba, Sultani na waziri wake wakitazama.

"Kaka yangu," Zuwena akasema, "ukinigusa nitakuwa maiti yenye jasho lako. Jini hajui hukumu. Anajua jasho tu."

Mnyongaji akampa waziri kamba. Waziri akamsogezea Sultani. Sultani akaficha mikono ndani ya joho.

Zuwena akapita katikati yao, akaenda kumzika ami yake peke yake, maana mji mzima hapakuwa na mtu aliyethubutu kuishika maiti.