Kiboko Ataka Sanamu

Paukwa!
— Pakawa!
Akaondokea Kiboko, akaunda kampuni!
— Kampuni ya nini?
Ya matikiti!
— Tuonjeshe!

Basi sikilizeni. Kiboko alikiziba kijito ili maji yote yaende kwenye matikiti yake. Mashamba yakanywa, gubu gubu gubu! Huko bondeni wanyama wakabaki kulamba mawe.

Bodi ya kampuni ilikuwa na Kiboko, mwenyekiti, pamoja na Nyati na Ngiri, ambao kazi yao ilikuwa kusema, "Naam, mkuu." Wanunuzi wakaanza kunong'ona: "Mbona bodi yenu madume matupu?" Ndipo wakamwingiza Bi Pimbi, mdogo kama kiatu, apendezeshe picha.

Kikao cha kwanza tu, Bi Pimbi akasema, "Bondeni hakuna maji. Kampuni iwachimbie kisima."

"Kisima? Mimi nitapata nini?"

"Hutapata kitu, mkuu."

"Basi hapana!"

"Naam, mkuu," wakasema Nyati na Ngiri.

Bi Pimbi akashuka bondeni, moyo mzito. Akakuta vifaranga wa kanga wamelala midomo wazi. Hakulia. Alifikiri.

Kikao kilichofuata akasema, "Mkuu, tukusimamishie sanamu bondeni."

Kiboko akatega masikio. "Kubwa?"

"Kama wewe."

"Kuliko mimi!"

"Hapo msingi lazima uende chini sana. Sijui nani ataweza kuuchimba. Labda Nyati…"

"Nyati? Nachimba mwenyewe!"

Akachimba, chwa! chwa! Kila akipumzika, Bi Pimbi humwita kutoka juu:

"Mkuu, kwa msingi huo sanamu itakufika kifuani!"

Chwa! chwa!

"Sasa itakufika puani!"

Chwa! chwa! chwa!

Mara, bubujiii! Maji yakamrusha Kiboko nje, tope hadi kwenye kope. Wanyama wakaja mbio, wakanywa, wakarukaruka: "Kiboko oyee!"

"Sanamu yangu iko wapi?"

"Chungulia humo, mkuu."

Kiboko akachungulia. Akajiona mzima mzima, na mbingu yote mgongoni.

"He! Inapepesa macho!"

"Ipo wapi nyingine ya hivyo, mkuu?"

Kiboko akacheka, nayo ikacheka. Tangu hapo huja kila asubuhi kuitazama. Akiona maji yamepungua, hukimbia mwenyewe kukizibua kijito, sanamu isije ikamkaukia.

Funzo ni hili: enyi wenye kampuni, msithubutu kumweka mwanamke kwenye bodi. Mtajikuta mnatenda mema, tena mkifurahi!

Hadithi yangu imefika ukingoni. Mwenye kiu anywe, mwenye yake aitoe.