Kifaru na Udongo wa Kichuguu

Enzi hizo za kale, wanangu, wanyama wakiwa bado wanaazimana chumvi, Bwana Kifaru alikuwa mchoma mkaa. Alichoma msitu karibu wote. Chemchemi nayo ikanywea, likabaki tope.

Ulisalia mvule mmoja tu. Humo ndimo alimozaliwa Perere, mnyama mdogo, kimo cha paka. Kila jioni alitazama visiki akivitaja: "Mkuyu wa shangazi... msufi wa babu..." Moyo ulimwuma kwa kuitamani ile miti.

Siku moja Kifaru akaita mkutano.

"Ndugu zangu, naacha mkaa! Wajukuu wangu wakiota pembe, hamtaona moshi tena. Nipeni tu mvule huu wa mwisho, nipate nguvu ya kuacha."

"Hewala!" Nyati akapiga makofi, pwaa! pwaa! Punda Milia akapiga vigelegele.

"Jibu tumpe kesho, jamani," Perere akawaomba.

Kifaru alipoondoka, Perere akawanong'oneza wenzake. Kulipokucha, wote walikuwa wamejibanza nyuma ya magunia ya mkaa ya Kifaru. Perere akabisha hodi.

"Karibu, mwanangu! Nije na shoka?"

"Bado, mjomba. Nilikuwa na udongo wa kichuguu. Tanuri ukilikandika nao halipasuki ng'o! Litachoma mkaa mpaka kwa vilembwe wako. Lakini ndiyo hivyo, unaacha. Basi nikaumwage."

"We! Usimwage!" Masikio ya Kifaru yakasimama. "Lete wote! Nataka kujenga matanuri mengine."

"Na wajukuu wakiota pembe, mjomba?"

"Si watakuwa wamekua? Hao ndio watakaokoleza moto!"

"Chyaaa!" Vumbi la mkaa lilikuwa limemwingia Nyati puani. Magunia yakaporomoka, pu! pu! pu! Wanyama wote wakaonekana wamesimama, weusi tii, wanamtazama Kifaru. Kifaru akatafuta pa kuificha pembe yake, asipaone.

Mvule haukukatwa. Lakini visiki havikuchipua siku ile, wanangu. Mpaka leo, mkimsikia perere akilia gizani, krrr! krrr! kwaaa! anauita mkuyu wa shangazi, anauita msufi wa babu, kisha ananyamaza kidogo kusikiliza kama miti hiyo itaitika.

Nanyi shikeni hili: anayehama kweli haezeki paa upya.