Mchimbaji wa Kisima cha Bure

"Kisima cha bure nacho kina mchimbaji." Mmeniuliza, wadogo zangu, maneno haya yametoka wapi. Methali hii ilianza kwa kosa langu, humu humu katika maktaba ya chuo ninayoitunza.

Kompyuta za chuo zilikuwa kuukuu, na mfumo mpya wa kuziendesha, ule wa kulipia, ukazikataa. Tukaziwekea Linux, mfumo wa bure, pamoja na programu ya kuazimisha vitabu iliyotengenezwa na mtu aliyejiita Korongo. Hatukumjua. Aliitoa bure, tukaizoea kama maji ya mvua.

Wiki moja kabla ya mitihani nilipakua toleo jipya. Orodha ya vitabu ikagoma kufunguka. Wanachuo wakajazana mlangoni.

"Dada Sikitu, leo tusome kuta?" mmoja akauliza, wote wakacheka.

Nikapandwa na hasira. Kwenye ukurasa wa programu ile, ambao watumiaji wote huusoma, nikaandika: "Korongo, wewe ni mzembe. Kazi ikikushinda, acha." Nikaweka jina langu na la chuo.

Mchana likaja jibu: "Nimerekebisha. Pakueni tena. Na kazi nimeacha."

Nilipakua, orodha ikafunguka. Nikajiona shujaa.

Kesho yake akaingia Mzee Mapunda, mwalimu mstaafu wa hesabu, ambaye kila asubuhi huja kusoma gazeti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Vitabu vinaonekana sasa?"

"Vinaonekana. Umejuaje kwamba vilipotea?"

Akatazama chini. "Si uliniandikia."

"Baba... Korongo ni wewe?"

"Ni mimi. Macho yananisumbua siku hizi. Nilikosea mstari mmoja."

"Nisamehe, baba. Nitayafuta yale maneno sasa hivi."

"Nimekusamehe. Lakini kufuta ni kazi bure, wameshayasoma."

Nilimsihi arudi kwenye kazi yake. Akakataa kwa upole, ila akakubali kunifundisha. Miezi minane nilikaa ubavuni mwake nikijifunza kuitunza ile programu, na sikuweza kumtazama usoni.

Sikuyafuta maneno yangu. Chini yake niliomba radhi mbele ya wote, nikamalizia kwa sentensi moja. Watunza maktaba wa vyuo vingine wakaichukua, leo imewafikia nanyi.

Siku hizi programu ikikwama, mimi ndiye ninayeitwa mzembe. Huwa najibu, "Samahani, ninarekebisha," na uso unaniwaka upya. Kisima cha bure nacho kina mchimbaji.