Mheshimiwa Agawa Dawa

Uchaguzi ulikuwa umebisha hodi, na bungeni wapinzani walipiga kelele kila siku kwamba zahanati za jimbo la Mheshimiwa Kabogole hazina hata kidonge cha kichwa. Basi Mheshimiwa akafika katika zahanati ya Mkwese na gari lililojaa maboksi matupu ya dawa.

"Yapange rafuni," alimwamuru nesi Sikudhani. "Kesho nakuja na watu wa televisheni. Ukinikosoa, utahamishwa."

Sikudhani alikuwa amechoka kuwarudisha wagonjwa mikono mitupu, lakini aliitikia kwa upole. "Sawa, Mheshimiwa. Niwaite na wananchi waje kukushangilia?"

"Hapo umenena!"

Kesho yake Mheshimiwa alisimama mbele ya kamera, akaonyesha rafu. "Wanaosema hakuna dawa waje waone!"

Vigelegele vikapigwa. Kisha bibi mmoja akasogea, akamkabidhi karatasi. "Yangu ya presha, mwanangu." Nyuma yake foleni ilifika barabarani, na kila mtu alishika cheti chake cha dawa.

"Nesi, wahudumie," alisema Mheshimiwa, jasho likimtoka.

"Wote nimewaandikia tangu jana," Sikudhani alijibu kwa sauti ya kusikika. "Nikawaambia leo Mheshimiwa atawagawia kwa mkono wake mwenyewe."

Kamera zilimgeukia. Mheshimiwa akachomoa simu, na kabla ya adhuhuri lori la dawa za kweli lilikuwa limefika kutoka mkoani. Aligawa mpaka mikono ikamuuma.

Alipokuwa akipanda gari, Sikudhani alimkimbilia. "Mheshimiwa, wiki ijayo ni kliniki ya wajawazito. Karibu tena, na kamera zako."