Mnyama Unayemjua

Mama Verediana, jirani katika kambi ya shamba la ngano la serikali kule Hanang, anadai mpaka leo kwamba wasichana wa kambini walifundishwa uchawi. Anasema alipita dirishani kwa mke wa fundi mzungu, akamsikia Imakulata akitamka bila aibu, "Sasa mimi ni simba." Anasema hata kuku walinyamaza.

Simba alitajwa kweli, ila uchawi haukuwepo. Mama Helena, mke wa fundi huyo wa kombaini, mashine ya kuvunia ngano, alikuwa na mchezo wa mezani kutoka kwao. Kila mchezaji alijitungia mtu wake, wakasafiri kwa maneno matupu katika nchi isiyokuwepo, na dadu zikaamua nani kapona na nani kaumia. Walikutana Jumapili baada ya misa: Bernadina, mpishi wa kantini, Tadeo, dereva wa trekta, na Imakulata, binti wa wafugaji wa Gendabi. Sasa mkataba wa fundi ulikuwa unakwisha. Mama Helena akasema kitabu cha sheria za mchezo na dadu atamwachia yule ambaye mtu wake atatangulia kuvuka mlima.

Bernadina alivitaka vitu vile kama ardhi kavu inavyotaka mvua. Yeye ndiye aliyemleta Imakulata mezani, tena kwa kumwonea huruma, maana alikuwa mgeni. Lakini siku hizi Imakulata akifungua mdomo, Tadeo husahau hata kunywa chai. Akichelewa, wanamsubiri. Bernadina alipochelewa, walianza bila yeye. Wivu ukamla taratibu kama fukusi ndani ya punje: nje ngano nzima, ndani unga.

Jumapili moja majambazi walimzingira mtu wa Imakulata. Alikuwa na uganga mkubwa wa kugeuka, ambao kila mchezaji aliruhusiwa kuutumia mara moja tu. Akaomba awe simba. Mama Helena akasoma kitabu chake, akatafuta neno la Kiswahili, akasema mganga hugeuka kuwa mnyama anayemjua.

"Anayemjua," Bernadina akadaka. "Wewe simba unamjua?"

Imakulata akaeleza kwamba aliwahi kumsikia akinguruma nje ya boma lao, na kulipokucha akaona nyayo zake kando ya ndama aliyeliwa.

"Kwa macho?"

"Sijamwona."

"Basi unajua nyayo. Geuka nyayo."

Tadeo akacheka, kisha akajuta. Bernadina akashikilia kwamba kujua ni kuona. Nani atasema anamjua mchumba wa kusimuliwa? Hoja ilisimama, ikawa sheria. Imakulata akageuka ng'ombe, akapigana kwa pembe na mateke, akatoka hai na jicho moja. Hakulalamika. Alimtazama rafiki yake kidogo, kisha akaomba sukari ya chai. Siku hiyo Bernadina alirudi kantini akiimba.

Jumapili ya mwisho mtu wa Bernadina alikuwa wa mbele. Alibakiza hatua chache avuke, ndipo jiwe la lango la mlima likamwangukia, likamfunika. Ng'ombe asingeliweza jiwe lile, wala punda.

"Nageuka tembo," alisema. "Nalisukuma."

Tadeo akakuna kidevu. "Tembo umemwona wapi, dada?"

Bernadina akaanza kusimulia habari za bibi yake huko Mbulu, kando ya msitu, jinsi tembo walivyomaliza mahindi yake yote. Yeye Bernadina, akiwa mtoto, alisikia matawi yakivunjika. Asubuhi aliona nyayo zao shambani, pana kama ungo. Alipofika kwenye nyayo alikatiza, kwa kuwa masikio yake mwenyewe yalikuwa yakimsikiliza.

Mama Helena akasema sheria waliitunga wao. Aliyeumizwa nayo akikubali ilegezwe, atailegeza. Asipokubali, mtu wa Bernadina amekufa. Wote wakamgeukia Imakulata.

"Imakulata, mdogo wangu," Bernadina alisema polepole. "Sema kusikia nako ni kujua. Sema tu hivyo."

Imakulata alizikusanya dadu kiganjani, akazitazama kana kwamba ndizo zilizoulizwa. Kisha akaziweka mbele ya Mama Helena, akasema, "Dada anajua nyayo." Ama kweli, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.