Kwa Nini Kisu cha Kina Shemkai Humenya Chungwa Kwanza

Mnauliza kwa nini pale kwa kina Shemkai hupewi kisu mpaka ule chungwa? Haya, sogeeni. Mwenye usingizi arudi kwao mapema.

Zama hizo, moshi wa viwanda vya Tanga ulikuwa haukatiki, na kisu kilikuwa kisu tu: unachagua, unalipa, unakwenda zako. Shemkai alikuwa amerithi karakana ya baba yake, kule nyuma ya reli, na visu vyake vilikuwa vikali vya kutisha. Kero ilikuwa mipini, maana ilipasuka upesi. Shemkai akabuni dawa. Akailoweka mipini katika oili chafu ya mashine mpaka ikawa myeusi tii, na haikupasuka tena. Basi akajiona fundi wa mafundi.

Ajabu, wanunuzi wakaanza kupungua. Aliyechukua kimoja hakurudi kuchukua cha pili. Shemkai akakagua makali, yapo. Akakagua mipini, mizima. Sasa wana nini watu hawa? Akamshuku hata jirani kwamba amemwendea kwa mganga. Mkewe naye hakuona tatizo. Alikuwa ameishi na mume anayenuka oili miaka yote, pua ilishazoea. Karakana ya baba ikawa inamfia mikononi, na jambo hilo lilimkosesha raha kabisa.

Siku moja akaenda sokoni kuchungulia visu vyake vinaishije huko. Akamkuta Bi Mwanahawa, muuza machungwa, akikata kamba za magunia kwa kisu cha Shemkai. Machungwa yenyewe alimenya kwa kisu kingine, kikuukuu, mpini umefungwa raba.

"Bi Mwanahawa, kisu changu kimekukosea nini?"

"Mimi hakijanikosea, kimewakosea wateja wangu." Akamenya chungwa kwa kisu kile cha Shemkai, akampa. "Hebu kula."

Shemkai akatafuna, akameza. "Tamu," akasema.

"Lahaula! Baba weye, unakula oili na unasifia? Huna pua?"

Shemkai akaunusa mpini. Akaunusa tena. Hakusikia kitu. Moshi wa tanuri ulikuwa umeiua pua yake zamani, polepole, na mwenyewe hakujua. Akakaa juu ya magunia, machozi yanamlenga. Alikuwa akijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho aliposikia harufu ya chai ya mkewe, na hakukumbuka.

Alivyorudi, akaing'oa mipini yote akaitia motoni, akafunga mipya iliyopakwa mafuta ya nazi. Lakini atajuaje kama ni safi, na pua hana? Amuulize mkewe? Huyo naye pua yake ni ile ile iliyozoea oili. Akanunua kikapu cha machungwa kwa Bi Mwanahawa, akaketi nacho mlangoni kusubiri mnunuzi.

Na tangu siku hiyo, kisu hakitoki kwa kina Shemkai kabla hakijamenya chungwa na mnunuzi akalila. Wajukuu zake wana pua nzima, chapati ya mtaa wa pili wanaisikia, lakini chungwa hilo hawalionji. Fundi anakumenyea, anakupa, halafu anautazama mdomo wako mpaka umeze.