Nyayo Kwenye Tope la Mchombe

Mwiba ni mdogo, tena hauna kelele. Ukiingia mguuni hujifunika ngozi ukatulia kama mgeni mwema, na mwenye mguu husema si kitu. Wazee wetu waliujua ulivyo, ndiyo maana wakautungia methali.

Levina alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, akisomea sayansi ya mwendo wa mwili na mazoezi. Mwenyewe alikuwa mwepesi wa mbio kama swala. Mwezi wa tano alirudi Mchombe kwa bibi yake Balbina akiwa na kazi ya chuo: kupima hatua za wakulima. Baada ya wiki mbili alitakiwa kurudi chuoni kufanya mtihani wa vitendo wa mbio, na asiyekimbia havuki kwenda mwaka wa tatu.

Kando ya jaruba la mpunga la bibi, chini ya tuta, alilainisha tope upana wa mikeka miwili, akawaomba majirani wapite peku. Akishapima kwa futi kamba na kuandika daftarini, alasiri alilisawazisha tope kwa ubao. Bibi ndiye aliyemwagiza asiache unyayo wa mtu wazi. Adui akiuchota udongo wake, mwenye mguu anaugua.

"Bibi, hii ni sayansi."

"Sawa, mjukuu wangu. Ila funika."

Siku ya tatu Levina alikanyaga mwiba wa mgunga. Alipouvuta, ncha ikakatikia ndani ya kisigino.

"Twende zahanati wakutoe hiyo ncha," bibi alisema.

"Kimwiba hiki? Bibi, mimi nasomea miguu!"

"Ya watu unaisoma. Wako unasomwa na nani?"

Levina akacheka, akameza vidonge vya maumivu, akapanda dunguni, kwenye jukwaa la mlinzi wa shamba, kuamia ndege wasile mpunga mpaka jua lilipozama.

Asubuhi alikuta nyayo za mtu ambaye hakumwita. Zilikuwa hatua sita, zimeelekea nyumbani. Akapima. Hatua ya kushoto ilikuwa fupi, imekanyagia ukingo wa mguu, kisigino hakikugusa chini. Akazifuta. Kesho yake zilikuwepo tena, fupi zaidi. Siku ya nne tangu zionekane, mguu wa kushoto ulikuwa unaburuzwa, umeacha mfereji mwembamba kama njia ya nyoka.

Mzee Hermenegildi, jirani wa shamba la pili, alipoziona alivua kofia akafanya ishara ya msalaba.

"Mwendo huu naujua. Ni wa marehemu Theodori, aliyesombwa na maji hapa hapa mwaka wa mafuriko. Alichechemea hivi hivi, kushoto."

"Marehemu hana uzito, mzee. Hizi zimezama nusu kidole."

"Basi mwulize anakula nini huko," Hermenegildi alijibu, huku anarudi nyuma.

Tangu hapo watu wakakoma kupita. Jaruba likawa kimya kama kanisa siku ya kazi. Levina alibaki peke yake na vidonge vyake, na kila jioni akirudi nyumbani alisikia kitu kikiliza tope nyuma yake: chwa, kisha kimya, kisha mburuzo mrefu. Akisimama, nacho kinasimama. Akiondoka, nacho kinaondoka. Alitembea shingo imegeuka, macho hayatui mbele.

Siku ya saba ya nyayo hizo aliamka na homa. Alijikongoja hadi jarubani, akaona nyayo mpya, safari hii zimevimba mpaka vidole vimebanana. Akapiga ukelele. Bibi Balbina alikuja, akazitazama taratibu kama mtu anayechambua mchele.

"Levina, umempima kila mtu. Hebu weka mguu wako."

"Wangu? Mimi napita juu ya tuta."

"Weka."

Akaweka. Unyayo ukaumeza mguu wake kidole kwa kidole, hata uvimbe ukapata mahali pake. Kumbe kila jioni mguu ulioumwa ulimtoa kwenye tuta gumu ukampeleka kwenye tope laini, naye macho yako nyuma yanamtafuta marehemu! Vidonge vilinyamazisha maumivu, havikuunyamazisha mguu.

Gari la kwanza kutoka Mlimba liliwafikisha hospitalini Ifakara. Mguu ulikuwa umejaa hadi gotini, unang'aa kama boga. Daktari alipasua kisigino akatoa ncha isiyofika punje ya mpunga.

"Mngekawia siku mbili," alisema, "tungetoa mguu."

Mguu ulipona, lakini siku ya mtihani Levina alikuwa kitandani, na mwaka wa pili itambidi aurudie. Mzee Hermenegildi alipokuja kumjulia hali, alisimama mlangoni akatikisa kichwa.

"Kumbe marehemu wangu ni wewe!"

Levina hakucheka. Bibi aliifunga ile ncha kwenye kikaratasi, akaiweka juu ya daftari la vipimo.

"Na huyu umpime, mjukuu wangu. Umwandike."

Levina akaipima ncha kwa futi kamba. Kisha chini ya hatua zote za wakulima wa Mchombe akaandika mstari wa mwisho: Mdharau mwiba, mguu huota tende.